Mama Pipa Aaga Chumba cha Betri

Baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, fundi mkuu wetu, Mama Pipa, alistaafu rasmi tarehe 30 Juni. Nimeombwa nimwandikie wasifu kwenye jarida letu, na kusema kweli sijui pa kuanzia, maana sherehe yenyewe ilituvuruga vichwa na hadi sasa havijakaa sawa.

Nianze na kazi. Betri zetu ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Zinaingia kwenye saa za kupima mapigo ya moyo, vipimajoto vya kubandika kwapani na vifaa vya kusaidia kusikia. Kila betri hufunikwa kwa plastiki ambayo sisi tunaiita ngozi. Unabandua ngozi, unaitupa pipani, ambako baada ya muda hujikunja, unabaki na betri. Shida ni kwamba vyote viwili vina rangi moja na ukubwa mmoja, na ukizubaa kidogo tu umeshajichanganya.

Mama Pipa alijichanganya wiki yake ya kwanza. Alitupa betri zote, akapachika ngozi kwenye saa kwa ustadi wa kupigiwa mfano. Wahandisi walikuna vichwa, wakafungua saa moja baada ya nyingine, hadi mfagizi alipouliza mbona takataka za siku hizi hazikunjiki.

Tangu hapo pipa la chumba chetu halikutoka kabla hajalimwaga mezani na kulipekua mwenyewe. Kuna wageni wakubwa walikuja kumwona fundi mkuu, wakamkuta kazama kwenye takataka, wakamuuliza fundi mkuu yuko wapi. Akawaelekeza kwa mhasibu.

Alipanda kutoka msaidizi hadi ukuu wa chumba, akafundisha karibu kila avaaye koti jeupe humu. Na kuongea, jamani! Tulidhani anaongea nasi, kumbe anaigombeza mashine. Lakini kustaafu kulimtisha, na hakuficha. Mume wake, fundi cherehani, masikio yamemtupa mkono miaka mingi. Nyumbani wanaelewana kwa ishara. Alituambia kwamba humu anaongea sana kwa sababu kule hakuna wa kumsikia, na sasa kule ndiko anakorudi moja kwa moja.

Basi tukaamua zawadi iwe kifaa cha kusikia, cha kubandika nyuma ya sikio la mzee, na betri yake tukaitengeneza wenyewe, moja tu. Siku ya sherehe tukambandikia mzee mbele ya wageni, tukapiga makofi. Mzee akatutazama tu. Mkurugenzi akapaza sauti. Wapi! Mmoja akasema kifaa kimekaa kichwa chini, mwingine akasema tumekosea sikio, mimi nikakigeuza na kukigeuza tena bila kujua natafuta nini. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshakipima. Mama Pipa akaketi, uso umemshuka, akasema basi yaishe, ameshazoea.

Mara akainuka kama aliyekumbuka chungu motoni. Akaingia chumba cha betri na gauni lake jipya, akamwaga pipa mezani, akaanza kupekua, sisi nyuma yake tunagongana. Kati ya ngozi zilizojikunja palikuwa na kitu kimoja kilichonyooka. Tulikuwa tumempachika mzee ngozi na betri tumeitupa, vilevile kama yeye alivyofanya wiki yake ya kwanza. Alicheka hadi akashika meza.

Alirudi ukumbini akiwa bado anacheka, akaipachika betri. Mzee akashtuka. Akaangaza huku na huku kama aliyepotea njia, kisha akamkazia macho mkewe. Akasema mke wake amezeeka, lakini kicheko chake hakijazeeka hata kidogo. Tulilia sote, hata wale ambao walikuwa hawajaelewa kimetokea nini.

Mama Pipa, asante kwa kazi, kwa kelele, na kwa pipa, ambalo kuanzia sasa hatujui nani atalimwaga. Tunakuombea afya njema na siku nyingi za raha na mzee wako. Nenda nyumbani ukasikike.