Wistin Sciberras, Mwingereza Pekee wa Nyumba Yake

Familia ya Sciberras iliyotoka Marseille, pamoja na majirani wa mtaa wa Wamalta hapa Sfax, Tunisia, tumekutana leo, tarehe 14 Novemba 1991, kumsindikiza ndugu yetu Wistin. Maisha yake yanataka kuelezwa taratibu, maana makarani wa nchi nne yaliwashinda.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1925 mjini Birgu, Malta, mtoto wa tatu na wa mwisho wa marehemu Pawlu na Ċetta Sciberras. Wazazi wake walizaliwa hapa Sfax, wakaoana hapa, na kaka zake wawili, Karmnu na Ġanni, walizaliwa kwenye chumba cha uani nyuma ya banda la farasi. Kwa nini basi yeye azaliwe ng'ambo? Nchi hii ilikuwa ya Bey, mtawala wake wa jadi, lakini chini ya ulinzi wa Wafaransa, nao walikuwa wametoa sheria kwamba mtoto wa mgeni akizaliwa humu, na mzazi wake naye awe mzaliwa wa humu, huyo ni Mfaransa, apende asipende. Babu yao, mwendesha gari la farasi aliyetoka Malta, koloni la Waingereza, akiwa kijana na kujivunia uraia wake wa Kiingereza, hasira zilimpanda na hazikushuka tena. Alisema Wafaransa wamemchukulia wajukuu wawili mezani pake, huyu wa tatu hawampati. Basi Ċetta, mimba ikiwa kubwa, akapandishwa meli kwenda kujifungulia kwa ndugu za mzee. Alitapika njia nzima. Aliporudi na mtoto, babu alichinja sungura, akaita mtaa mzima kula.

Marehemu alisoma shule ya Wafaransa ya hapa mjini tangu 1931 hadi 1938. Hesabu alizipenda, imla zilimtesa. Kila mwezi wa Julai, siku ya taifa la Wafaransa, watoto raia waliandamana na bendera, na kila mmoja alipewa mkate wa siagi mwishoni. Wistin alikaa kando ya barabara na mama yake akiwaangalia kaka zake wakipita. Mwaka wa kwanza Karmnu alikuja mbio na mkate wake, akaukata katikati, akampa nusu iliyo kubwa.

"Kula, Mwingereza wewe," akamwambia, "kabla hawajanidai."

Jina likamganda. Kiingereza chenyewe alijua neno moja tu, na hilo alikuwa akimwambia farasi.

Baada ya shule alifanya kazi na babu yake, kisha akawa fundi wa hatamu na matandiko. Vita vilipofika, kaka zake walichukuliwa jeshini kama Wafaransa. Wajerumani walipoingia Sfax mwishoni mwa 1942, walikusanya raia wa Uingereza na kuwafungia, na Wistin, kijana wa miaka kumi na saba, akachukuliwa. Mama yake alimpelekea kuskusi ya maharage kwenye mkebe, akisimama nje ya waya wa kambi hadi wamfukuze. Aprili mwaka uliofuata Waingereza waliuteka mji. Afisa wao alimpa mkono akamsemesha kwa furaha, na marehemu hakuelewa hata neno. Baadaye alikuwa akisema kwamba siku ile ndipo alipojiona mpweke kweli, kuliko hata kule ndani.

Marehemu hakuoa. Mwaka 1949 alimchumbia Rożina Micallef, na walipendana. Baba yake Rożina alikuwa na kazi ya reli, kazi iliyotaka uraia wa Kifaransa. Alimkaribisha Wistin vizuri, akammiminia divai, ndipo akamuuliza, "Mwanangu, wajukuu wangu watakuwa wa nani? Kesho ukifungwa tena wewe, binti yangu asimame nje ya waya kama mama yako?" Wistin angeweza kuomba uraia wa Wafaransa. Lakini babu alikuwa bado hai, amelala kitandani hajiwezi, na marehemu hakuwa na moyo wa kumfanyia hivyo. Babu alifariki mwaka 1952. Rożina alikuwa ameshaolewa Toulon, Ufaransa.

Mwaka 1964, Wafaransa wakiwa wanaondoka, Karmnu na Ġanni walifunga mizigo kwenda Marseille, wakamchukua mama yao, mjane tayari. Wistin alibaki afuate nyuma. Ubalozi wa Ufaransa ulimwambia yeye si wao. Waingereza wakamwambia Malta imeshapata uhuru, akawaulize Wamalta. Wamalta walikuwa wapya, bado wanatafuta viti. Na serikali ya hapa, alikokaa tangu utotoni, ilimtaka kila mwaka ahuishe kibali cha mgeni. Wote walikuwa na adabu. Ruhusa ya kumfuata mama yake ilitoka masika ya 1967, na Ċetta alikuwa amezikwa Januari. Karmnu anasema mama aliuliza habari zake hadi mwisho, na usiku mmoja akasema, "Nilimzaa mbali na wenzake, nikadhani namhifadhi."

Alikwenda, akaona kaburi, akakaa wiki mbili. Karmnu alimsihi abaki.

"Kule mtaa mzima unanijua," akajibu. "Hapa nitaanza tena kuulizwa."

Alirudi, akaendelea na duka lake la ngozi, akirekebisha mikoba baada ya farasi kwisha mjini. Jumapili kanisani alikuwa akikaa benchi la familia peke yake, palepale mwishoni, kana kwamba wengine wanakuja. Mabrouka, binti wa jirani, ndiye aliyemletea supu alipoanza kuumwa figo mwaka jana, na ndiye aliyemshika mkono alipofariki, Jumatatu tarehe 11 Novemba, alfajiri.

Juzi Karmnu alikwenda na Mabrouka kuchukua kibali cha mazishi. Karani aliuliza marehemu alikuwa wa taifa gani. Karmnu akaanza kueleza mambo ya meli, ya sheria na ya babu. Mabrouka akasema, "Wa mtaa wetu. Andika." Karani alimwangalia kidogo, akaandika.

Marehemu analazwa kati ya baba yake na nafasi tupu ambayo miaka yote aliitunza kwa ajili ya mama yake, akiipalilia kila sikukuu ya Watakatifu Wote. Karmnu, mwenye miaka sabini na moja, ameomba nafasi hiyo iwe yake siku ikifika. Makarani wamemjibu kwa adabu kwamba yeye ni mgeni hapa, raia wa Ufaransa, asubiri waulizie. Karmnu amesema atasubiri, kwani ni zamu yake.

Marehemu ameacha kaka yake Karmnu, shemeji yake Doris, mjane wa Ġanni, watoto watano wa kaka zake, na Mabrouka, aliyekuwa akimwita baba.

Wistin, lala kwa amani. Huko uendako hawaulizi ulizaliwa wapi.