Kamiyo ya Sikukuu na Maisha ya Mama Anastasie Mukashema

Padri wetu, wazee wa Kingi, mama na papa mliotoka Buleusa kwa miguu, na wewe Papa Albert, mjumbe wa komite ya sikukuu, ambaye kamiyo yako, lori la sikukuu, imesimama pale chini ya kanisa na rangi yake mpya, familia imenichagua mimi, Emérence, niwasomee maisha ya mama yetu, na asubuhi hii niliitwa pembeni nikaombwa nisome kwa ufupi, kwa sababu wachezaji wanangojewa Goma kesho. Nitasoma yote. Najua mnanong'onezana kama kamiyo ile itaondoka na wanamama wetu ao itabaki hapa, na jibu liko ndani ya maisha yake.

Mama Anastasie Mukashema alizaliwa hapa Kingi tarehe 14 Machi 1924, binti wa Papa Ndayambaje na Mama Nyirabagenzi, wakulima wa maharage na mihogo, na waliomlea walisema alianza kupiga miguu kwa mdundo kabla hajajua kutembea, jambo ambalo sikuliamini mpaka nilipomtazama akipepeta maharage. Alisoma kwa masista tangu 1932 hadi 1938, akajua kusoma, kushona na kuimba Kilatini, akafukuzwa mara moja kwa kuwafundisha wenzake kuucheza wimbo wa misa, kisha akarudishwa, maana hakuna mwingine aliyeweza kushika sauti ya kwanza.

Tarehe 8 Juni 1943 alifunga ndoa na Papa Léonard wa Buleusa, Walikale, aliyekuja huku kwetu Masisi kutafuta mbegu na akarudi na bibi, wakapata watoto watatu, kaka Séraphin, mimi, na yule wa mwisho aliyezaliwa mwaka 1950 juu ya kipoyi, machela yetu ya miti, katika mvua, mabegani mwa wanaume waliokuwa wakimkimbiza mama kwenye materniti, na mutoto hakupona. Tangu siku ile mama hakuweza kuona gari tupu bila kuuliza linakwenda wapi.

Papa alipofariki mwaka 1959 mama alirudi Kingi, akafundisha wanawake kushona, na jioni akawafundisha kucheza, na vita vilipofika wengine walikimbia na sufuria, yeye alikimbia na ngoma yake, ngozi ya chini ameitoboa na tumboni amejaza mbegu za maharage, kwa hiyo wengi wenu mnaonitazama sasa mlikula kutoka ndani ya ngoma ile.

Mwezi wa kwanza mwaka huu wa 1968, Papa Albert alikuja kututangazia kwamba serikali imefungua mfuko kwa ajili ya sikukuu kubwa ya michezo na ngoma, kwamba viko viti vya wageni, jezi za mpira, vitenge vya wachezaji na kamiyo ya kuwabeba. Mama hakukataa, alisema tu, mbele ya watu wote: "Papa Albert, ngoma tuko nayo, miguu tuko nayo. Kama serikali iko na makuta mfukoni ya kutubeba tucheze, ikuwe na ya kutubeba tuzae." Papa Albert alicheka, akasema, "Mama, weye uko politisien!", kisha akaahidi kwamba kamiyo italala Kingi hadi sikukuu ipite, na itabeba wagonjwa, na mama akajibu, "Njo vile. Wote wamesikia."

Mimi niliandika kutoka universite kwamba ni aibu kugharimia ngoma mahali dispensari haina dawa, na mama akanijibu kwa kinywa cha Séraphin: "Mwambie huyo mwenye akili, watu wasiocheza nao wanakufa."

Jumanne tarehe 16 Aprili wanamama walifanya mazoezi kwenye mvua, usiku kifua kikamkamata, na Alhamisi muuguzi Théophile akasema apelekwe hospitali upesi. Kamiyo ilikuwa imeshushwa upande wa Mubambiro kupakwa rangi ya defile, gwaride la sikukuu. Séraphin alishuka kwa baiskeli, akakukuta wewe mwenyewe, Papa Albert, ukamwambia, "Rangi haiyakauka, mutaichafua na mablanketi."

Tafadhali, wazee, ketini. Hakuna atakayemgusa Papa Albert, ni mgeni wa matanga.

Ijumaa alfajiri tulimlaza kwenye kipoyi, na mama akafariki kwenye mteremko wa mwisho, paa la hospitali likionekana.

Sasa sikilizeni. Leo asubuhi kamiyo ilimleta Papa Albert, dereva akiwa Théoneste, mtoto wa mama mdogo Joséphine-Marie, na Papa Albert, kwa huruma ambayo siidharau, alimwambia, "Nenda ukae na wenzako, ulie." Théoneste alivua viatu, akaketi kwenye mkeka wa wafiwa. Anayeketi kwenye mkeka ule hashiki jembe mpaka tuoge na kumaliza matanga, na wazee wamekaa, wamesema: jembe la dereva ni usukani. Ngoma nayo imelazwa uso chini hadi matanga yaishe, na wanamama hawatapanda. Lakini kubeba mgonjwa hakujawahi kukatazwa mfiwa yeyote katika vilima hivi. Mama Adelaïde, mwezi wako wa kuzaa umefika, usiogope tena kipoyi, Théoneste yuko tayari.

Tunamshukuru muuguzi Théophile, wabebaji ambao mabega yao bado yamevimba, majirani waliopika, wanafunzi wake wa kushona, na komite ya sikukuu kwa vitenge vyake, maana ndivyo tulivyomvika. Papa Albert, Goma ni mbali, lakini njia ipo, na miguu uko nayo.

Mama, lala kwa amani. Mara hii gari litangoja.