Twiga na Mlango wa Jiko la Kinu

Marehemu, ambaye kazini na nyumbani aliitwa Twiga kwa urefu wake, alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1946 katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, fundi viatu. Alikuwa kitinda mimba.

Alisoma mpaka darasa la nane. Miaka yote alikaa dawati la nyuma, si kwa ujinga, ila akikaa mbele wenzake hawaoni ubao.

Mwaka 1966 aliajiriwa chumba cha kufulia cha hospitali, akafanya kazi humo miaka thelathini na moja. Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili, na mwenzake aliyepangiwa alikuwa mfupi, mnene. Twiga akamwita Kinu. Mashuka yao yakawa yanatoka yamepinda. Msimamizi alipofoka, Kinu akamwambia Twiga, "Inama kidogo basi."

"Panda juu wewe," Twiga akajibu.

Kinu akavuta kreti la sabuni, akapanda. Toka siku hiyo hawakuachana.

Mume wa Kinu alikuwa mwashi, na rafiki yake mkubwa alikuwa seremala. Ndoa ya Twiga na Seremala ilifungwa Jumamosi, tarehe 13 Juni 1970, Kinu na Mwashi wakisimama mashahidi. Mwaka 1974 wanaume hao walijenga nyumba mbili zenye ukuta mmoja, wakaacha mlango kati ya majiko. Hapo Mwashi alikosea. Alimpima mkewe aliyekuwa karibu, akamsahau Twiga. Siku ya kuhamia, Twiga aligonga paji la uso kwenye linta, boriti ya juu ya mlango, mpaka sufuria ikamtoka mkononi. Seremala akasema mlango uinuliwe.

"Haubomolewi," Kinu alisema. "Mungu kamrefusha, na shingo kampa. Ainame."

"Na usiguswe!" Twiga akajibu, anasugua uvimbe. "Paji ni langu. Msinionee huruma."

Basi akainama karibu miaka hamsini. Watoto wake watatu walikulia katika majiko yote mawili. Kinu hakujaliwa kuzaa, lakini wote watatu wanamwita mama mpaka leo. Wanaosema Twiga alikuwa mkali hawakosei. Ila akimaliza kugomba, chai iko mezani.

Novemba 2022 uti wa mgongo ulimlaza. Daktari akamkataza kuinama, na mlango wa mbele una ngazi ambazo hakuziweza tena. Kinu akawa anampelekea chai kila asubuhi.

"Chai ya kuletewa ni ya mgonjwa," Twiga alimwambia. "Mimi nataka kuja kunywa kwako."

Kinu akaendelea kumletea. Aliendelea miezi mitatu bila kuugusa mlango, na hilo halina utetezi.

Jumanne, tarehe 14 Februari 2023, alimwambia mumewe, "Toa nyundo."

"Si ulisema haubomolewi?"

"Nilisema. Sasa nasema hivi."

Wazee wale, Mwashi na Seremala, mmoja miaka sabini na saba, mwingine sabini na tisa, walifanya kazi siku nne. Twiga alikaa kitini akiwasimamia. "Safari hii nipime mimi, shemeji," alisema. Mwashi akamsimamisha ukutani, akaweka alama ya penseli. Ugonjwa ulikuwa umemfupisha. Alama ilikaa chini sana. Kinu aliitazama, akasema, "Ongeza vidole vinne. Huyu ni Twiga."

Jumamosi alipita kwa miguu yake, fimbo mkononi. Kwa mazoea akainamisha kichwa.

"Inua," Kinu alimwambia.

Akainua.

Alikwenda kunywa chai siku kumi na moja. Alifariki asubuhi ya tarehe 1 Machi 2023, kitandani kwake, mlango ule ukiwa wazi na kikombe chake kikiwa tayari mezani upande wa pili.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, shemeji yake Mwashi, na Kinu. Alama ile ya penseli ipo ukutani, na mtu asiipake rangi.

Pumzika kwa amani, Twiga. Kichwa juu.