Jina Kwenye Kila Kibao

Kule Kadutu, mjini Bukavu, kwenye benchi lililo mbele ya birika la maman Christine, muuza kahawa, ubishi huanza kabla kahawa haijachemka. Luc anaitwa Seneta, ingawa hajawahi kupigiwa kura hata na mkewe. Théodore ni Radio. Patrice wanamwita Penso, maana ndiye mchora vibao wa mtaa: saluni, duka la dawa, hata baa, wote humtaka aandike jina la Yesu. Asubuhi hiyo Penso alikuwa amekunja uso. Bintiye Déborah alikuwa na homa kwa siku ya nne katika chumba cha maombi, bila dawa, kwa kuwa mama yake alisoma kibao: YESU ANAPONESHA HAPA. Kibao hicho alikichora Penso mwenyewe.

— Hapa Bukavu, Yesu anapita bote kwa kujulikana, Seneta akaanza. Bakubwa banapita, yeye anabakia. Juu ya nini? Haombake taxe, haombake kodi!

— Apana, papa, Radio akadakia. Ni publicité, ni matangazo tu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— We! Sasa uko unamutukana!

— Niko namusifu! Kila taxi-moto, kila pikipiki, iko na jina yake nyuma. Njo maana tunaanguka na hatukufe.

— Mimi nasema Yesu alifikaka hapa, Seneta akasema. Alipitia Katana, kando ya ziwa, na mutumbwi.

— Mutumbwi? Si anatembeaka juu ya maji?

— Ziwa Kivu iko na gaz, gesi ya kuwaka, chini ya maji. Angelipuka!

Maman Christine alicheka mpaka akamwaga kahawa. Penso hakucheka. Adolphine, mkewe, alishamwonya: asiyeamini kama yeye akiingia mule chumba cha maombi, mtoto atakufa, na kosa litakuwa lake. Alimwogopa mkewe, na alijichukia kwa woga huo.

— Penso, usiogope, Radio akamwambia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Yesu ni mugeni, Déborah ni mwenyeji. Atapona tu.

Hapo akatokea mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimelegea.

— Jambo, ba papa. Natoka Kalehe. Fasi Yesu anaponeshaka batoto iko wapi?

Seneta akanyoosha mkono kumwonyesha. Penso akaushusha kwa nguvu.

— Maman, usiende kule! Peleka mutoto ku hopitali. Sasa hivi!

Mwanamke akamtazama, akaona huyu ni mtu anayejua anachosema.

— Aksanti, papa. Mimi sijue muji. Mutoto wako akigonjwa, unamupelekaka wapi?

Seneta akainamia kikombe chake. Radio akakohoa. Penso akageuka kutazama upande wa chumba cha maombi, alikolala Déborah, na mwanamke akaendelea kumsubiri.