Ngozi za Mzee Shuaib

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mzee Shuaib wa mji wetu wa Lewisville, huku ughaibuni, aliyetutoka Jumapili. Ndiye aliyekirudishia maji kinu cha upepo cha shamba kongwe. Na hakuwa mhandisi. Alikuwa fundi wa makubadhi ya ngozi kutoka Lamu. Narudia: fundi wa makubadhi!

Kinu kile kilivuta maji kisimani tangu enzi za mababu wa wenyeji, kisha kikaharibika. Mwaka 2003 wakazi wakakikarabati. Mnara ukasimama, mapanga yakang'aa, ila pampu haikuwa na vikombe vya ngozi vya kusukuma maji juu. Kamati ya ukarabati ikasema wazi: maji yasipotoka siku ya sherehe ya kukizindua, gurudumu la mapanga litafungwa kwa chuma, libaki pambo. Mzee Shuaib, siku hizo dereva wa teksi, akajitokeza. Ngozi? Ngozi aachiwe yeye!

Akazikata vizuri. Akazipaka mafuta ya nazi mpaka zikashiba, kama alivyozoea kwenye makubadhi, zisipitishe maji. Jumatano wakajaribu. Upepo ukavuma, mapanga yakazunguka, tone halikutoka.

Mjane wake, Bi Mwanabaraka, ametusimulia: "Nikamwambia, 'Baba Nusra, sema bomba limeoza. Nani atajua?' Akavaa kofia yake, akenda zake."

Akasimama mbele ya kamati, uso umemshuka kwa haya. Akasema kosa ni lake. Ngozi ya pampu sharti inywe maji, ivimbe, izibe, naye ameinyima maji. Akaomba mpaka Jumamosi, siku ya sherehe. Kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Wakampa.

Akakata nyingine, akaziloweka ndooni siku mbili. Binti yake Nusra anacheka akikumbuka: "Dad alikuwa ana-check ile ndoo kama anapika biriani. Nikamwambia, relax!"

Jumamosi uwanja ulijaa. Gurudumu likazunguka. Bomba likakohoa, likatema kutu, kisha maji, wasikilizaji, maji safi! Wazungu, Wakongo, Waswahili, wote shangwe moja. Mzee Shuaib alilia hadharani, wala hakujificha.

Bi Mwanabaraka, Nusra na ukoo mzima, poleni sana. Mola amrehemu mzee wetu.

Nawe uliye njiani kwenda mji wa Richardson, mikono kwenye usukani: kama liko kosa lako ulilomtwika mwingine, nenda ukaliseme. Mzee Shuaib alilisema lake Jumatano. Jumamosi watu wakanywa.