Bi Pua Anaondoka, Koti Langu Linabaki

Baada ya miaka thelathini na mitatu kazini, Ijumaa hii, tarehe 28, kiwanda chetu cha manukato kinamuaga mtunzaji wa chumba cha historia, ambaye sote tunamwita Bi Pua. Nimeombwa kuandika mimi kwa kuwa meza zetu zimegusana miaka ishirini na sita. Niseme ukweli mapema: miaka yote hiyo nimemwonea wivu.

Alianza kwa kuosha chupa. Mimi niliingia na stashahada ya kemia, kifua mbele. Lakini wageni wakija, anayefuatwa ni yeye. Huwaanzishia kwenye ubani uliofukizwa zama za kale, akawapitisha kwenye maua yaliyolowekwa ndani ya mafuta, akafika kwenye maji ya waridi yanayotokana na mvuke, kisha manukato ya spiriti, hadi harufu za maabara za leo. Maelfu ya miaka kwa dakika arobaini, na hakuna anayepiga miayo. Nikisimulia mimi historia ileile, watu wanaangalia saa.

Pua yake ikichoka, huja kunusa mkono wa koti langu la kazi, eti ndicho kitu pekee humu ndani kisicho na harufu. Hata sifa hiyo iliniudhi.

Miaka kumi na tisa iliyopita, asubuhi ya ukaguzi wa wakubwa, kijicho kilinizidi. Nikamimina maji ya waridi kwenye chupa ya spiriti, na spiriti kwenye chupa ya waridi, nikakaa kusubiri aumbuke. Bi Pua akafungua chupa, akanusa, akaja kunusa koti langu, akarudi. Kisha akawaambia wakubwa kuna mchezo: nani atagundua chupa zilizobadilishana? Wakubwa walicheka kama watoto. Mchezo huo upo hadi leo, na ndio unaopendwa kuliko yote.

Wiki iliyopita aliulizwa ufunguo wa chumba apewe nani. Akanitaja mimi. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu taratibu kwamba siku ile ya ukaguzi koti langu lilinukia waridi, na tangu hapo halijanukia tena. Kumbe miaka kumi na tisa alikuwa akinikagua, nami nadhani anapumzisha pua.

Ahsante, Bi Pua. Ukafurahie siku zako kwa afya na amani, wewe na wajukuu. Wivu wangu haujaisha, ila sasa nauonea moyo wako. Koti liko palepale kwenye kiti. Pita siku yoyote ulinuse.