Gazeti Limepumzishwa

Kati ya kibanda cha kinyozi na duka la kutengeneza simu kuna benchi refu lenye mguu mmoja wa tofali, na kila asubuhi wenyewe hukaa hapo kabla ya kufungua kazi zao, hata kama huko kufungua ni mpaka jua liwe kali. Mjomba, muuza kahawa, ndiye anayewahi. Mwenyekiti, karani mstaafu, hukaa upande wa kivuli. Hakuchaguliwa na mtu, alikaa tu siku moja akakataa kusogea. Kinyozi wanamwita Refa kwa kupenda kukatiza maneno ya watu, na fundi simu ni Setilaiti, kwa kuwa hakuna habari asiyodai kuidaka kabla ya wengine. Wa mwisho ni Fundi Suti, mshona nguo, ambaye kwa kawaida huongea kuliko wote, maana binti yake ni mwandishi wa gazeti na yeye haoni haya kulisema hilo kwa mtu yeyote mwenye masikio. Leo alikuwa kimya, kahawa inampoa mkononi. Jana askari walilifungia gazeti na kumchukua binti yake ofisini, na tangu hapo hajarudi nyumbani. Fundi alikuja kutafuta mtu wa kumsindikiza kituo cha polisi. Benchi zima lilijua, na ndiyo maana hakuna aliyemtazama usoni.

— Tusitumie maneno makali, alisema Mwenyekiti. Gazeti halikufungiwa. Limepumzishwa.

— Limepumzishwa na askari wenye virungu? aliuliza Refa.

— Wapo wasiojua kupumzika mpaka wasaidiwe.

— Mimi nasema kosa ni picha. Si mliiona? Mkubwa kasimama na naibu wake, naibu kawa mrefu! Kiongozi wa nchi anaishia begani kwa mtu. Hiyo ni kadi nyekundu moja kwa moja.

— Lakini si ndivyo walivyo? alisema Mjomba.

— Ndivyo walivyo, sawa, lakini mpiga picha ana macho ya kazi gani? Angempa tofali akanyage!

Fundi aliweka kikombe chini. Alikuwa ameipanga sentensi yake usiku kucha.

— Jamani, mimi nilikuwa naomba...

— Subiri, Fundi, alisema Setilaiti, akivuta shingo mbele. Nyie mko nyuma sana. Tatizo ni wino.

— Wino umefanya nini?

— Unalamba kidole, unafunua ukurasa, unalamba tena. Wino unaingia mwilini, unapanda kichwani, mtu anaanza kuuliza maswali. Mara pesa za hospitali zimekwenda wapi, mara kura zinahesabiwa na nani. Wamepima, wamegundua. Hili si suala la siasa kabisa, ni la afya.

— Mbona wewe unalishika kila siku na hujawahi kuuliza kitu?

— Mimi silambi. Natumia maji.

Mwenyekiti alikohoa kikohozi chake cha ofisini, kile cha kuwanyamazisha wateja waliopanga foleni.

— Mimi naona ni kubana matumizi. Magazeti mengi ya nini, wakati habari ni moja? Na uchaguzi vilevile. Karatasi ya kura ndefu kama shuka, majina ya watu ambao hata wake zao hawawapigii. Wakiweka jina moja, karatasi inakuwa ndogo kama tiketi, mtu anapiga kura huku anatembea.

— Na asiyelitaka hilo jina? aliuliza Mjomba.

— Huyo anapumzika.

— Jamani, alisema Fundi tena, mwanangu...

— Nyoosha mkono kwanza! alidakia Mwenyekiti. Kwa usalama wetu, kuanzia leo hapa mtu anaomba ruhusa ndipo aseme.

— Nani kapitisha? alifoka Refa.

— Napitisha sasa hivi. Wanaokubali wakae kimya.

Walipigwa na butwaa, wakabaki wanatazamana midomo wazi.

— Imepita, alisema Mwenyekiti.

Fundi Suti alinyoosha mkono. Mwenyekiti akageuka kutazama birika. Mkono ulikaa juu mpaka ukachoka, akaushusha, na hasira ikaanza kumpanda.

Hapo ndipo alipotokea mtu mgeni. Viatu vyake viling'aa, shati limepigwa pasi, na mikono yote miwili ilishika bahasha kubwa chini ya tumbo. Mjomba alimkaribisha kukaa. Akakataa, akasimama wima palepale.

— Huyo katumwa, alinong'ona Setilaiti bila kuchezesha midomo.

Ungeona ajabu. Refa alisema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara kwamba nchi haijawahi kutulia namna hii. Setilaiti akaongeza kwamba siku hizi hata mvua inanyesha kwa utaratibu. Mwenyekiti, ambaye hajawahi kusogea hata kwa mjamzito, aliinuka na kumpisha mgeni kivulini.

— Asante, nitasimama, alisema mgeni. Nimewasikia mkitaja gazeti. Mnamjua yule mwandishi aliyekamatwa?

— Sisi? alisema Refa. Tutamjulia wapi!

Fundi alimgeukia. Refa huyu ndiye aliyemnyoa binti yule alipoanza shule, akamfuta machozi kwa taulo la kibandani. Neno lile lilimchoma Fundi kuliko yote aliyoyasikia tangu jana. Akasema bila kunyoosha mkono:

— Ni mwanangu. Binti yangu wa kwanza.

— Pole sana, mzee wangu. Kwani aliandika nini?

Fundi alimtazama Refa.

— Mimi huwa nachukua kurasa za michezo, alisema Refa polepole.

— Mimi matangazo ya simu, alisema Setilaiti.

— Mimi tanzia, alisema Mwenyekiti. Naangalia nani kanitangulia.

— Na ukurasa wa mbele? aliuliza mgeni.

— Huo mnaniachia mimi, alisema Mjomba. Nafungia karanga.

Wote wakamgeukia baba mtu. Miaka yote hiyo alikuwa akitafuta jina la binti yake tu. Akiliona hulipitisha benchi zima, kidole gumba chini yake, kisha hulikunja gazeti na kuagiza kahawa nyingine. Yaliyoandikwa chini ya jina hakuwahi kuyasoma. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mgeni alidhani wanamficha.

— Basi samahani. Mimi natafuta fundi nguo tu, alisema, akaisogeza bahasha kidogo. Zipu ya suruali ilikuwa imefumuka yote. Refa alianza kucheka, akaishia njiani.

Fundi alichomoa pini kwenye kola yake, akampa.

— Jishikize na hii, baba. Nikirudi nitakushonea. Naenda kituoni kumuuliza mwandishi mwenyewe.

— Kaa, Fundi, alisema Mwenyekiti. Jambo kama hili linataka kikao.

Mjomba alianza kuwapokonya vikombe mikononi.

— Kahawa imekwisha.

— Imekwisha vipi, na birika limejaa?

— Hapa imekwisha. Kituoni nako kuna watu wanakunywa.

Akalibeba birika, akamfuata Fundi. Hawakufika mbali, wakasikia mlango wa kibanda cha kinyozi, uliokuwa nusu wazi, ukifungwa kwa kishindo na mtu akikimbia nyuma yao, akihema. Fundi hakugeuka. Alikuwa anapanga maneno upya. Kwanza atamuuliza kama amekula. Kisha atamwomba amweleze alichoandika, tangu mwanzo mpaka mwisho, hata kama askari watakuwa wamesimama hapohapo wanasikiliza.